Mtandio Uliokunjwa

Daktari Ishmael Gikunda alikuwa amelala chali mbele ya kizimba cha mashahidi. Macho yake yalikuwa wazi. Kiatu kimoja kilikuwa kimemtoka mguuni. Damu ilikuwa imeshuka kutoka kichwani, ikafuata ufa wa saruji hadi chini ya meza ya jaji, ikakomea hapo.

Kizimba hicho hakikuwa cha kweli, wala meza hiyo haikuwahi kukaliwa na jaji. Ukumbi uliitwa Mahakama ya Mazoezi. Hapo ndipo wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Kathita, juu kidogo ya mji wa Meru, walijifunza kusimama na kusema "Mheshimiwa Jaji" bila sauti kutetemeka. Kesho yake ilikuwa Siku ya Utafiti. Viti vilikuwa vimeanza kupangwa, maua yamewekwa, na kando ya ukuta kulikuwa na meza ya maonyesho yenye vibuyu, fimbo za wazee, ngozi ya mbuzi na kigoda cha miguu mitatu.

Sasa wahadhiri walisimama mlangoni kama watoto waliofukuzwa darasani. Mmoja alikuwa bado ameshika puto.

Inspekta Tabby Igoki wa Idara ya Upelelezi wa Jinai alipiga magoti kando ya maiti. Alikuwa mwanamke mtu mzima kutoka Kanja, upande wa Embu, na miaka yote ya kazi haikumzoesha kutazama macho ya mtu aliyekufa. Aliyafumba kwa vidole viwili, polepole. Kisha akatazama chini ya kichwa.

"Mbae, njoo uone."

Konstebo Mbae aliinama. "Naona mtandio, Afande. Ni wa yule msichana pale benchini. Umejaa damu."

"Umekunjwaje?"

"Umekunjwa tu."

"Tazama vizuri. Una tarizi ya nyuzi ngumu pembeni. Tarizi imegeuzwa chini ili isimkwaruze shingo."

Mbae alikuna kidevu. "Wengine wakishaua hujuta haraka, Afande."

Tabby aligeuka. Msichana mwenyewe alikuwa ameketi benchi la mbele, kichwa wazi, mikono yake imekaukiwa damu. Jina lake Nasteho, mwanafunzi wa mwaka wa nne. Mlinzi alisikia mayowe, akaingia mbio, akamkuta amepiga magoti, ameshika kichwa cha marehemu. Hapakuwa na mtu mwingine ukumbini.

Mwanamume mrefu mwenye mvi alimkaribia Tabby akiwa na chupa za maji. Alikuwa amempa kila mtu chupa moja, hata mlinzi, hata msichana.

"Profesa Kirimi," alijitambulisha. "Kesho nilikuwa nitoe mhadhara wangu hapa. Gikunda alikuwa ananiandalia ukumbi. Alikuwa ndugu yangu, Inspekta."

"Pole sana, Profesa. Kuna mtu aliyekosana naye?"

Kirimi alitazama benchi la mbele, akashusha macho. "Sitaki kumtia mtoto wa mtu matatani."

"Sema tu."

"Juzi huyo binti alimfokea kwenye korido. Sote tulisikia. Alimwambia atajuta."

* * *

Kituoni, Tabby alimpa Nasteho beseni la maji na sabuni baada ya wataalamu kuchukua sampuli mikononi mwake. Kisha akamvulia shali yake mwenyewe, msichana akajifunika kichwa.

"Ulimwambia Daktari Gikunda atajuta?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Alinirudishia tasnifu mara ya tatu. Niliandika vizuri! Akasema haijafika. Nikamwambia nitakuja kuwa jaji, yeye aje mbele yangu na kesi mbovu, na hapo atajuta."

Mbae aliinamisha kichwa ili kuficha tabasamu.

"Naye akasema nini?"

"Alicheka. Akasema, 'Mheshimiwa, sasa nenda uandike upya.'" Nasteho aliivuta shali. "Niliandika upya. Leo nilikwenda kumpa, na kumwomba radhi. Nikamkuta chini."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa anapumua kwa shida. Nikakunja mtandio nikamwekea. Nikapiga kelele."

"Alisema kitu?"

"Alisema, 'Nimeanguka mwenyewe. Waambie.'"

"Hakutaja mtu?"

"Hakutaja. Alisema ameanguka, Afande. Wallahi ndivyo alivyosema."

Nje, kwenye meza ya mapokezi, baba yake alikuwa anangoja. Hersi alikuwa na malori ya kubeba mizigo kati ya Meru na Maua, na mji mzima ulimjua kwa sauti yake kubwa. Siku hiyo sauti haikuwepo. Alileta chupa kubwa ya chai ya iliki na bakuli la anjera, mkate laini wa kwao Wasomali, akawagawia polisi wa zamu kwanza, kisha mahabusu wote, ndipo akamwomba Tabby ampelekee binti yake.

"Mzee Hersi, si lazima utulishe sisi."

"Nyinyi ndio mnakaa na mtoto wangu. Nitawaachaje na njaa?" Alifuta macho kwa kiganja. "Mama Inspekta, huyu ni wa kwanza ukoo wetu kusoma sheria. Nilimwambia, soma, sheria haina kabila. Nilimdanganya?"

Tabby alitaka kujibu, lakini mkuu wa kituo alikuwa amefungua mlango.

"Inspekta, chuo kinapiga simu kila wakati. Msichana amekutwa na damu mikononi. Alimtishia marehemu. Jumatatu asomewe shtaka la mauaji."

"Nipe hadi Jumatatu basi, bwana mkuu."

"Si ndiyo nimekupa?"

* * *

Mwanapatholojia wa serikali alivua glavu na kumwita Tabby karibu na meza.

"Huyu hakuanguka," alisema. "Mtu akianguka hugonga kisogo, au paji la uso, au upande. Jeraha hili liko utosini. Amepigwa kutoka nyuma, kwa kitu kizito chenye ukingo wa mviringo. Baada ya hapo ndipo akaanguka."

"Angeweza kusema baada ya pigo?"

"Maneno machache. Na angeletwa hospitali mapema, huenda leo mngekuwa mnamletea matunda badala ya kuja hapa."

Tabby alishika ukingo wa meza. Mbae aligeukia dirisha.

Walipotoka nje, Mbae alisema kwa huzuni, "Basi msichana anatudanganya, Afande. Daktari hakuanguka."

"Au aliyedanganya ni marehemu."

"Mtu anakata roho adanganye ili iweje?"

"Hilo ndilo sijui."

Walirudi Mahakama ya Mazoezi. Tabby alitembea taratibu kando ya meza ya maonyesho. Vibuyu vilikuwa na vumbi jekundu la barabara. Fimbo zilikuwa na vumbi. Ngozi ya mbuzi ilikuwa na vumbi. Kigoda hakikuwa nalo. Alikigeuza kwa mkono wenye glavu. Kiti chake kilikuwa cha duara, mti mzito, na penye maungio ya miguu bado palikuwa na unyevu.

Fundi wa eneo la tukio alizima taa, akafunga mapazia na kunyunyizia dawa. Pale penye maungio, mwanga wa samawati ukajitokeza mwembamba.

"Damu," alisema fundi. "Mtu amekiosha akakirudisha mahali pake."

"Alama za vidole?"

"Miguuni, pasipooshwa, mbili tatu za Profesa Kirimi, lakini yeye ndiye aliyeleta vitu hivi vyote. Hazitusaidii."

Mbele ya kigoda kulikuwa na kibandiko: kigoda cha Mzee Nthiga wa Ishiara, zawadi yake kwa Profesa Kirimi.

"Mzee Nthiga ni nani?" Tabby aliuliza.

Mlinzi wa ukumbi alijibu. "Ni yule mzee wa kwenye kitabu cha Profesa. Kitabu cha mila na sheria. Kila mwanafunzi hapa anamjua. Kila sura inaanza na maneno yake."

* * *

Nyumbani kwa marehemu kulikuwa kwenye mteremko wenye migomba na makadamia. Watu walikuwa wamejaa uani kwa maombi ya alasiri. Katikati yao alipita Profesa Kirimi, taulo begani, birika mkononi. Alimjazia kila mtu kikombe. Alipofika kwa Tabby alisema, "Wewe hutumii sukari, nilikuona kule chuoni," akampa kikombe chake peke yake. Moyo wa Tabby ukalainika. Watu wema huonekana kwenye msiba, alijiambia.

Karwirwa, mjane wa Gikunda, alikuwa ameketi juu ya godoro sebuleni. Alimshika Tabby mkono asiuachie.

"Huyo Kirimi ndiye amekuwa mikono na miguu yangu," alisema. "Tangu msiba uingie hajakaa chini."

"Walikuwa marafiki wa muda mrefu?"

"Zaidi ya marafiki. Ukoo wa mume wangu na ukoo wake ni gichiaro. Wazee wa kale walikula kiapo cha undugu. Mmoja akiomba, mwingine hawezi kumnyima. Hawawezi kudanganyana. Kuumizana ndiyo kabisa, hata kwa ndoto."

"Siku za mwisho Daktari alikuwaje?"

Karwirwa alitazama mlango. "Alikwenda Ishiara. Alirudi akakataa chakula."

"Alifuata nini Ishiara?"

"Alitaka kumfanyia Kirimi jambo la kumfurahisha. Alinunua blanketi na kofia, akasema anakwenda kumleta Mzee Nthiga akae kiti cha mbele siku ya mhadhara. Akasema, 'Mzee wa watu amemfanya rafiki yangu profesa, na hakuna aliyemwalika hata chai.' Aliondoka hapa akiimba. Alirudi peke yake. Nikamuuliza, mzee yuko wapi? Akasema, 'Yuko safarini.'" Karwirwa alitikisa kichwa. "Ishmael hajui kudanganya. Masikio humwiva kwa wekundu. Siku hiyo yaliiva."

Wakati wa kutoka, Tabby alimkuta Kirimi akiosha vikombe bombani.

"Profesa, samahani, ni la kazi tu. Jioni ile ulikuwa wapi?"

"Mjini, kwa mpiga chapa. Nilifuata ratiba za sherehe." Macho yake yalijaa machozi. "Ratiba zenyewe ziko garini bado. Sijui nizitupe wapi."

* * *

Ishiara jua lilikuwa kali hata kivulini. Walielekezwa hadi boma moja kando ya shamba la ndengu. Kikongwe mmoja alikuwa anapepeta mtama huku amekalia blanketi jipya lililokunjwa.

"Hodi, Cucu," Tabby alisema, akimwita bibi. "Tunamtafuta Mzee Nthiga."

Kikongwe alicheka bila meno. "Nyinyi watu wa Meru, mzee wangu mnamtakia nini mwaka huu? Mimi ni Ciarunji, mkewe. Yeye yuko pale."

Alinyoosha ungo kuelekea ukingo wa shamba. Palikuwa na kaburi lenye msalaba wa mbao, na msalaba ulikuwa umevikwa kofia mpya ya sufu.

Tabby na Mbae walisimama kama waliopigwa kofi.

"Alifariki lini, Cucu?"

"Zamani! Ule mwaka wa ukame uliomaliza mbuzi. Kitindamimba wangu alikuwa shule ya msingi. Sasa naye ana watoto."

Mbae alitoa simu na kuperuzi kitabu cha Profesa. Alisoma kwa sauti ya chini. "Hapa anasema aliketi na Mzee Nthiga chini ya upenu wa nyumba yake, miaka miwili iliyopita, mzee akamwambia gichiaro ni mila iliyokufa."

"Aliketi na nani?" Ciarunji aliuliza. "Na mifupa?"

Mbae aliirudisha simu mfukoni.

"Mwalimu mwingine alikuja hapa juzi," Tabby alisema. "Wa blanketi."

"Ee, mwanangu yule! Alisoma msalaba, akausoma tena, akakaa mchangani na suti yake nzuri. Nilimpa maji. Alikuwa analia, nami sikujua analilia nini, maana hakumjua mzee wangu. Kisha akanifunika blanketi mabegani, jua likiwa hivi. Sikumwambia nasikia joto. Angevunjika moyo." Alipapasa blanketi chini yake. "Atarudi?"

Tabby alipiga magoti, akaushika mkono wake uliokuwa na makapi ya mtama. "Hatarudi, Cucu. Amefariki."

Ungo ulianguka. Mtama ukamwagika, na kuku wakaja wakala, na hakuna aliyewafukuza.

Baada ya muda Tabby alimwonyesha picha ya kigoda. Ciarunji aliisogeza mbali na macho yake.

"Hivi huuzwa sokoni. Cha mzee wangu kilivunjika mguu, tukakitia motoni, tukapikia uji."

* * *

Njiani kurudi Meru, Mbae aliendesha. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mfuko wa ndengu ambao Ciarunji aliwalazimisha kuubeba.

"Afande, mimi bado sijaelewa," alisema hatimaye. "Sawa, Profesa aliandika uongo. Daktari akagundua. Lakini hao ni gichiaro! Kwetu milimani hilo si jambo la mchezo. Babu yangu aliombwa ng'ombe wa maziwa na mtu wa gichiaro, akamtoa siku hiyo hiyo. Nyanya alimnunia mwaka mzima."

"Sisi Kanja hatuna hiyo ya kwenu. Na mtu akimwaga damu ya mwenzake wa gichiaro?"

Mbae alipunguza mwendo. "Hilo halisemwi sana. Lakini nilisikia wazee wakisema, aliyemwaga damu hawezi tena kula wala kunywa katika nyumba ya mwenzake. Akimeza, kile alichomeza kinamgeukia."

"Na aliyeumizwa?"

"Yeye hawezi kumtaja aliyemuumiza. Akimtaja, laana inawashika watoto wa pande zote mbili. Anasema ameumia mwenyewe, basi."

Gari lilienda kidogo. Ndipo Mbae mwenyewe akasikia alichosema. Akalisimamisha kando ya barabara.

"'Nimeanguka mwenyewe,'" alisema. "'Waambie.'"

Tabby alikuwa anatazama mbele. Alikuwa anaona birika, taulo begani, na vikombe vingi vikijazwa.

"Mbae, kule msibani, uliwahi kumwona Profesa Kirimi akinywa chai?"

* * *

Walimkuta Kirimi msibani, anagawa viazi. Maombi yalikuwa yamekwisha, na watu wachache wa ukoo walikuwa wamebaki sebuleni. Mbae alisimama karibu na mlango. Tabby aliketi kando ya Karwirwa.

"Mama, Profesa amekula nini hapa tangu msiba uanze?"

Karwirwa alifikiri. Mkono ukamwenda mdomoni. "Maskini! Hajaonja kitu! Anatuhudumia sisi, na sisi tumemsahau kabisa."

Tabby angeweza kumzuia. Hakumzuia. Mjane aliinuka kutoka kwenye godoro kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha uji wa wimbi kinachofuka moshi.

"Kirimi, weka hiyo sahani. Kaa. Leo mimi ndiye nakuhudumia."

"Niko sawa, Karwirwa."

"Huko sawa. Umekonda. Shika."

"Nitakunywa baadaye."

"Wewe na baadaye zako! Kunywa, nimekwambia."

"Karwirwa, tafadhali."

"Basi nakuomba kwa gichiaro. Kunywa."

Wazee wawili waliokuwa pembeni walitabasamu na kutikisa vichwa. Hapo hakuna wa kukataa. Kirimi alipokea kikombe. Alikipeleka mdomoni. Kikombe kiliinama, uji ukamwagikia shati lake, na bado hakukiondoa mdomoni wala hakunywa. Tabasamu za wazee zikatoweka moja baada ya nyingine.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini?"

"Siwezi kunywa kwako."

Fimbo ya mzee mmoja ilianguka sakafuni. Hakuna aliyeiokota. Karwirwa alimtazama Kirimi kwa muda, uso wake ukibadilika polepole, kama mtu anayesoma jambo kwa herufi ndogo. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, akakitoa kikombe vidoleni mwake taratibu, maana uji ulikuwa wa moto na ulikuwa unamchoma.

"Ni wewe," alisema. "Ni wewe, Kirimi."

Tabby alisimama. "Profesa, una haki ya kunyamaza."

"Nimeifundisha haki hiyo tangu ujana wangu." Kirimi aliketi chini sakafuni. "Na wewe ndiye mpelelezi wa kesi; kisheria huwezi kuandika ungamo langu. Nipeleke kwa hakimu nitalirudia lote. Lakini huyu lazima asikie hapa kwanza."

"Mwambie basi," alisema Karwirwa.

"Mzee Nthiga nilimwona mara moja tu, nikiwa mwanafunzi. Alitupa maji tukiwa na kiu, akatuambia maneno mazuri. Nilipopewa nafasi ya utafiti nilisema nitarudi kwake. Joto, barabara, mikutano. Nikaahirisha hadi muda ukaisha. Nikatunga maneno mwenyewe, nikasema ni yake. Nikatunga na ya wengine. Kigoda nilikinunua sokoni."

"Na Ishmael alikutisha?"

"Laiti angenitisha! Alinikuta ukumbini, akawa anapanga viti huku tunaongea. Akasema, 'Sema mwenyewe kesho, kabla mtu hajauliza. Nitasimama kando yako. Wakikufukuza twende Ishiara tuanze upya, nitakuendesha mimi.' Nikamwomba anyamaze. Nikamwomba kwa gichiaro."

"Akakataa?" aliuliza Tabby.

"Alikubali." Kirimi alifunika uso. "Alisema, 'Nitanyamaza. Lakini wewe, ndugu yangu, utaweza kuishi nayo?' Kisha akanigeuzia mgongo akaendelea kupanga viti vyangu."

Mmoja wa wazee alivua kofia yake.

"Alikuwa amekubali kunyamaza," Karwirwa alisema. "Basi ulimuulia nini?"

"Alinihurumia. Niliyaona macho yake. Nikajua kila siku, kila chai, kila mkutano, nitatazamwa na macho yale. Kigoda kilikuwa karibu." Alivuta pumzi. "Nilimsikia akikoroma pale chini. Nilikiosha bombani nikakirudisha, nikaenda kwa mpiga chapa."

"Na mtoto wa Hersi ukamwachia mzigo," Tabby alisema.

"Nilisema tu alichokisema. Sikuongeza neno."

"Profesa, Gikunda alizungumza na yule mtoto kabla ya kukata roho."

Kirimi aliinua kichwa. "Alinitaja?"

"Alisema, 'Nimeanguka mwenyewe. Waambie.'"

Kirimi alifungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa ya profesa, wala ya mtu mzima. Aliinama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Mbae alimfunga pingu akiwa hivyo hivyo, kisha akamsaidia kuinuka kwa kumshika kiwiko.

* * *

Nasteho aliachiliwa Jumatatu asubuhi, saa ile ile aliyokuwa asomewe shtaka. Hersi alitaka kumpeleka nyumbani moja kwa moja. Msichana alikataa.

"Aabo, kwanza kwa mke wa mwalimu."

Walifika na gunia la mchele na mbuzi mmoja mkaidi aliyegoma kushuka kwenye lori. Mbae alimsukuma kwa nyuma huku Hersi akimvuta kwa mbele, na kwa mara ya kwanza sauti kubwa ya Hersi ikasikika tena mtaani. Tabby alisimama uani na kuwatazama.

Sebuleni, Karwirwa alimketisha Nasteho kando yake kwenye godoro. Aliona shali ya Tabby kichwani mwake. Alifungua sanduku, akatoa mtandio wake mzuri wa kwendea kanisani, akamfunika mwenyewe.

"Wako umewekwa kuwa kielelezo cha kesi," alisema. "Sijui watakurudishia lini."

"Sitautaka, mama."

"Mwanangu, nataka kukuuliza. Alisema nini kingine? Chochote."

Nasteho aliinamisha kichwa. "Polisi sikuwaambia. Niliona ni jambo dogo."

"Niambie mimi."

"Nilipomwekea mtandio chini ya kichwa, alijaribu kuusukuma. Akasema, 'Acha, utachafuka.'"

Karwirwa alicheka. Kicheko kilitoka pamoja na machozi, kikamtikisa mabega, na Nasteho akamshika asianguke.

"Huyo ndiye," alisema. "Huyo ndiye Ishmael wangu."

Walikaa hivyo kwa muda. Kisha Karwirwa aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na uji wa wimbi katika kikombe kile kile. Nasteho alikipokea kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akanywa wote.